Mita 12 Zinazoishia Ukutani

Jumamosi iliyopita, kabla jua halijawa kali, mimi na jirani yangu tulikokota tepu ya mita 50 kutoka mwanzo hadi mwisho wa barabara ya mtaa wetu, upande wa mashariki wa Jiji la Dodoma, kule ambako mashamba ya uwele na mtama yamegeuka viwanja katika muda usiofika miaka kumi. Katika mchoro wa mipango miji, ambao nakala yake nimeitunza tangu siku niliyonunua kiwanja, barabara hiyo imeandikwa mita 12. Pale inapochepuka kutoka barabara kubwa tulipata mita 12 kamili. Mbele ya nyumba ya sita tulipata mita 10.6, kwa kuwa mwenye nyumba amejenga ukingo wa matofali na kupanda mchicha nje ya uzio wake. Mbele ya duka la vyakula tulipata 8.9, kwa sababu baraza la duka limekuwa likisogea mbele kila mwenye duka anapopata mifuko miwili ya saruji. Tulipofika mwisho, tepu iligota ukutani.

Ukuta huo hauna kosa. Mwenye nao ana hati miliki, kiwanja chake kimepimwa, na bikoni zake nne, yaani alama za zege zinazoonyesha mipaka, ziko mahali pake. Sisi nasi hatuna kosa, kwani tulinunua viwanja vilivyopimwa na tulionyeshwa mchoro wenye muhuri. Kilichotokea ni kwamba shamba letu na shamba la pili yake yalipimwa na kampuni mbili tofauti, katika miaka miwili tofauti, kila moja ikachora barabara zake hadi kwenye mpaka wa shamba ililopewa, na hakuna aliyeitandaza michoro hiyo miwili juu ya meza moja kabla ya kuidhinishwa. Barabara yetu inaangalia ubavu wa nyumba ya mtu. Barabara yao, ambayo nayo ina mita 12, iko mita 14 kaskazini mwa yetu na inaangalia choo cha nje cha mzee niliyekuwa nimeshika naye tepu. Shule ya msingi ambayo kengele yake naisikia nikiwa sebuleni iko umbali wa mita 250 hivi ukipita moja kwa moja, lakini mtoto anayefuata barabara hutembea zaidi ya kilometa moja kuifikia.

Naandika haya kwa sababu kila ninaposikia watu wakijadili viwango vya barabara katika maeneo mapya, iwe katika mkutano wa mtaa au katika kundi la WhatsApp la wamiliki wa viwanja, mjadala huanza na upana na kuishia kwenye upana: hii ni ya mita ngapi, nani ameimega, na kwa nini upande fulani wamepewa mita 15 nasi tukapewa 12. Upana una maana kubwa na nitaueleza. Hata hivyo, upana ndicho kiwango ambacho mchoro wetu ulikitimiza bila dosari, na bado hatuna barabara inayokwenda popote.

Mzee niliyemtaja ni Mgogo aliyekuwa akimiliki sehemu ya shamba hili kabla halijapimwa. Tulipogota ukutani alisimama, akaelekeza fimbo yake upande wa pili. "Mwanangu, hapa ng'ombe walikuwa wanapita bila kukata kona," aliniambia. "Wanatoka kule mlimani, wanapita hapa hapa, wanakwenda kunywa bwawani. Babu yangu aliikuta njia hii." Nilimwuliza kama alimweleza mpimaji habari hizo. Akasema, "Aliniuliza mpaka wa shamba, nikamwonyesha. Njia hakuniuliza. Baba yangu asingeweza kukaa kimya, lakini mimi nilikaa."

Palio lile la ng'ombe lilikuwa limeunganisha mashamba matano au sita, yenye wamiliki tofauti, bila ramani yoyote. Mchoro wa mipango miji, ambao kazi yake hasa ni kuunganisha, ulilifuta. Sisemi kwamba kila palio ligeuzwe barabara, kwa maana ng'ombe na gari havina mahitaji yale yale, lakini njia iliyotumika kwa vizazi viwili au vitatu ni ushahidi wa bure kuhusu wapi watu wanatoka na wapi wanakwenda, na mchoraji makini angeanza nayo kabla hajapiga mstari wake wa kwanza.

Kwa asiyezoea mambo haya, utaratibu ni huu. Mwenye shamba, au kundi la wenye mashamba, huingia makubaliano na kampuni ya upangaji na upimaji. Kampuni huandaa mchoro unaoonyesha viwanja, barabara, maeneo ya wazi na maeneo ya huduma, mchoro huo hupita halmashauri na kuidhinishwa kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kisha mpimaji huweka bikoni chini na kuandaa ramani ya upimaji, nayo huidhinishwa, na ndipo hati huweza kuandaliwa. Viwango vya ukubwa wa viwanja, nafasi za huduma na upana wa barabara viko katika kanuni, ambazo za karibuni ninazozifahamu ni za mwaka 2018. Hatuna upungufu wa karatasi.

Tatizo linaanzia kwenye namna kazi inavyolipwa. Katika makubaliano mengi niliyoyaona, mwenye shamba hana fedha taslimu, kwa hiyo kampuni hujilipa kwa viwanja. Tangu hapo pande zote mbili zina shauku moja, yaani kupata viwanja vingi kadiri inavyowezekana, na kila mita ya barabara inaonekana kuwa mita iliyopotea. Chukua shamba la hekta moja, mita 100 kwa mita 100, lenye barabara moja inayopita katikati. Barabara ikiwa ya mita 12 itachukua mita za mraba 1,200, na ikiwa ya mita 6 itachukua 600. Tofauti yake ni mita za mraba 600, ambazo ni kiwanja kimoja kizuri au viwili vidogo vya 300. Mtu anayesema kwamba barabara nyembamba hutokana na ujinga wa wapangaji hajapiga hesabu hiyo. Wanaelewa vizuri sana.

Na kwa nini hasa mita 12, ilhali gari dogo halifiki upana wa mita mbili? Anayeuliza hivyo, na kila mkutano wa mtaa una mmoja wa namna hiyo, anafikiri barabara ni mahali pa kupitisha gari lake. Magari mawili yakipishana bila mmoja kupanda kwenye majani, tena moja likiwa lori la mchanga, yanahitaji mita 6. Watembea kwa miguu wapewe mita moja na nusu kila upande, zinakuwa 9. Mtaro wa maji ya mvua wa mita moja kila upande, zinakuwa 11. Inabaki mita moja ya kugawana kati ya nguzo za umeme, bomba la maji, mti wa mwarobaini na kibao cha jina la mtaa. Ukiondoa mita 2 kutoka katika hesabu hiyo, anayeondoka kwanza ni mtembea kwa miguu. Ukiondoa 4, mtaro unaondoka na maji yanahamia pale magari yanapopita. Ukibaki na mita 6, mama aliyebeba ndoo, mtoto wa shule, bodaboda, lori na mafuriko vyote vinatumia ukanda mmoja. Gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5, na linapofika kwenye tukio halisimami tu: milango yake ya pembeni hufunguliwa na mipira huvutwa kutoka ubavuni, kwa hiyo pasipokuwa na mita 4 zilizo wazi wenye nyumba watalitazama likiwa limekwama mtaa wa pili.

Nikiri pia upande wa pili wa jambo hili, maana wapo wanaodai kila barabara iwe ya mita 15 au 20 kana kwamba upana ni baraka isiyo na mwisho. Upande wa kusini wa kwetu kuna barabara iliyoachiwa mita 20, haina mtaro, haina mti hata mmoja, na tangu Juni hadi Oktoba, upepo wa Dodoma unapovuma, ni uwanja wa vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya friji. Nafasi isiyo na kazi haikai wazi: tayari kuna gereji, rundo la kokoto za mtu na kibanda cha chipsi. Kichochoro kifupi chenye nyumba nane, kisichopitiwa na mtu asiye na shughuli pale, kinaweza kuwa cha mita 8 kikahudumia vizuri, ilimradi kinatokea upande wa pili na maji yake yana pa kwenda. Ningebadilishana kwa furaha mita 4 za upana wa barabara yetu kwa tundu moja la mita 3 kwenye ule ukuta.

Kinachosikitisha ni kwamba mji huu haukuanza hivi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wakazi waliijua kwa jina la CDA, na mwaka 1976 ukatoka mpango mkuu ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mpango ule ulifikiria mji wa watu wanaotembea kwa miguu, wanaoendesha baiskeli na wanaopanda basi, na makazi yake yaligawanywa katika jumuiya ndogo zilizojengwa juu ya wazo la nyumba kumi kumi ambalo kila Mtanzania wa wakati ule alilielewa. Mengi katika mpango huo hayakujengwa, kwa sababu fedha hazikuwapo na serikali yenyewe ilichelewa sana kuhama. Lakini ukitembea Area C, Area D au Kisasa utaona jambo moja lililobaki: mitaa ilichorwa na mkono mmoja, kwa hiyo inajuana. CDA ilikuwa na lawama zake, na watu waliopoteza ardhi kwa ajili ya mipango yake hawajasahau, nami siandiki kuitetea. Ilivunjwa Mei 2017 na majukumu yake yakahamia kwa halmashauri, ambayo mwaka 2018 ikawa ya jiji.

Wakati huo huo watu walikuja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika Dodoma Mjini, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Hakuna ofisi yenye watumishi wachache ingeweza kuchora kwa mkono mmoja makazi ya watu zaidi ya 350,000 walioongezeka katika miaka kumi. Kampuni binafsi zilipewa nafasi kwa sababu ya haraka hiyo, na bila hizo tungekuwa na vijiji vya vichochoro hadi Ihumwa. Kwa hiyo silalamikii kuwapo kwake. Nalalamikia kwamba tulipohama kutoka mkono mmoja kwenda mikono mia moja, hatukuweka kanuni ya kuilazimisha mikono hiyo ishikane.

Kanuni hiyo isingekuwa ngumu kuandikwa. Mchoro wa shamba jipya usipokelewe mpaka uonyeshe, kwa mistari ya rangi tofauti, barabara zote zilizokwisha kuidhinishwa au kutumika katika mita 200 nje ya mipaka yake, na kila barabara ya jirani inayofika mpakani iendelezwe ndani. Pale ambapo jirani bado ni shamba tupu, mchoro uache barabara iliyo wazi hadi mpakani kila baada ya mita 100 au 120, ili atakayepima baadaye akute milango na asikute ukuta. Umbali huo sikuuokota hewani. Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, limekuwa likipendekeza kwamba mji uwe na angalau kilometa 18 za barabara katika kila kilometa moja ya mraba, na kwamba barabara zichukue walau asilimia 30 ya ardhi. Ukizigawa kilometa 18 katika mistari inayokatana, tisa kwenda mashariki na tisa kwenda kaskazini, kila barabara inakuwa mita 111 hivi kutoka kwa mwenzake. Mwaka 1859, zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, mhandisi Ildefons Cerdà alichora upanuzi wa mji wa Barcelona, Hispania, kwa vitalu vya mita 113 kila upande na barabara za mita 20, nusu yake ikiwa ya watembea kwa miguu. Hatua za mwanadamu hazijarefuka tangu wakati huo.

Kwetu, safu moja ya viwanja ina urefu wa mita 340 bila njia ya kukatiza. Katika miaka ya mwanzo hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo, kwa sababu viwanja vingi vilikuwa wazi na watu walijipitia katikati, wakakanyaga njia ya mkato iliyonyooka hadi kituo cha daladala. Kisha ukajengwa uzio wa kwanza, njia ikapinda kidogo. Ukajengwa wa pili, ikapinda tena. Mwaka jana kiwanja cha mwisho kilipozungushiwa ukuta, asubuhi moja watu wazima na watoto walisimama pale wakitazama tofali mbichi, na baadhi yao walimkasirikia mwenye kiwanja, mtu aliyekuwa amewavumilia kwa miaka mitano wapite katika ardhi anayoilipia kodi.

Jambo la maji ningeweza kuliandikia makala nzima. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka hucheza karibu na milimita 550 hadi 600. Mgeni akisikia hivyo hufikiri kuwa mitaro ni anasa ya watu wa Pwani au Bukoba. Lakini mvua hiyo haidondoki kwa adabu. Huja kwa ghadhabu, saa moja au mbili, juu ya udongo uliokaushwa na miezi saba ya jua, ambao hauwezi kuinywa haraka, na yote hutafuta bonde kwa pamoja. Mkoa huu unajulikana kwa makorongo kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika sana la Kondoa ili ardhi ipumzike. Watu wazima wa hapa wanaijua nguvu ya maji ya mvua chache.

Mpimaji wetu alikuja Agosti. Katika Agosti korongo la kwetu ni mkanda wa mchanga mweupe wenye vichaka viwili vitatu, tambarare kuliko eneo lote, na kwa mtu anayetafuta mahali pa kuweka viwanja linapendeza. Alikata viwanja saba juu yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini korongo lisilo na maji kwa miezi minane, kwa mtu asiyetaka kuliita mto, si mto. Januari mbili baadaye maji yalikuja kudai njia yake. Yalipokuta misingi ya nyumba yaligeuka, yakaingia kwenye barabara ya kwanza yaliyoikuta, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa imechorwa moja kwa moja kushuka mteremko, na kwa usiku mmoja yakaichimba hadi kimo cha kiuno cha mtu mzima. Barabara ile sasa ndiyo korongo letu. Tunaivuka kwa mbao.

Laiti mchoraji angeanza na maji, kazi ingekuwa tofauti kabisa. Angeutembelea uwanda Februari au, akishindwa, angemwuliza mwenye shamba maji yanapita wapi. Angeliacha korongo liwe eneo la wazi lenye miti na njia ya miguu pembeni, na watoto wangepata pa kuchezea kwa miezi minane ya mwaka. Angezilaza barabara ndefu kwa kukinga mteremko na kuzifanya zile zinazoshuka kuwa fupi fupi. Na mahali barabara inapovuka mkondo angeandika kalavati kwenye mchoro ili mtu yeyote anayekuja na fedha ajue pa kuanzia. Viwanja saba vingepotea, ndiyo. Vitatu kati ya hivyo saba havijajengwa mpaka leo, na wenye navyo wanatafuta mnunuzi asiyeijua Januari.

Kuhusu kona nitasema kwa ufupi. Kiwanja cha kona huuzwa ghali kwa sababu duka likijengwa pale huonekana pande mbili, na kwa sababu hiyo hiyo mwenye nacho hujenga ukuta hadi ncha ya mwisho ya bikoni. Dereva wa bodaboda anayetoka upande mmoja hamwoni mtoto anayetoka upande mwingine mpaka wakutane katikati, na lori la maji haliwezi kugeuka bila kupanda kwenye mtaro wa mtu. Cerdà alikata pembe zote za vitalu vyake. Kwetu ingetosha kukata pembetatu ya mita 3 kwa 3 katika kila kona, ambayo ni mita za mraba nne na nusu, eneo dogo kuliko chumba cha mlinzi. Likiwekwa kwenye mchoro kabla ya kuuza, hakuna atakayelia. Likidaiwa baada ya ukuta kusimama, ni kesi.

Halafu kuna suala la nani anaijenga barabara baada ya kuichora. Matangazo ya viwanja hapa mjini yana maneno yale yale: "Viwanja vimepimwa, barabara zimechongwa, umeme na maji vipo jirani." Kuchongwa maana yake ni kwamba greda limepita mara moja, kwa kawaida wiki moja kabla ya wateja kuletwa kutazama, likakwangua majani na udongo wa juu na kuiacha barabara chini kuliko viwanja vya pande zote mbili. Barabara iliyo chini kuliko viwanja si barabara, ni mfereji unaosubiri Desemba. Miaka miwili baadaye wakazi huanza kuwalalamikia TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini, ambao haukushiriki kuchora, haukupata hata shilingi ya mauzo ya viwanja, na unarithi kilometa nyingi zaidi kila mwezi. Kama muuzaji angelazimika kuinua tuta la barabara kwa moramu, kuchimba mitaro na kuweka makalavati ya makutano kabla ya kuruhusiwa kuuza kiwanja cha kwanza, bei ya kiwanja ingepanda. Sisi wanunuzi tungelalamika, kisha tungelipa mara moja kile ambacho sasa tunalipa kila msimu kwa springi za gari na michango ya kifusi.

Mwaka 2022, wakati wa zoezi la anwani za makazi, barabara yetu ilipata jina na kibao cha kijani kwenye nguzo ya chuma. Kibao kimesimama mwanzo wa barabara, chenye jina zuri lililopendekezwa na mkutano wa mtaa, na kila anayekiona huamini kuwa akifuata mshale atatokea mahali. Nimeshawageuza madereva wengi mbele ya geti langu, wakiwamo wa gari la wagonjwa lililokuwa linakwenda mtaa wa pili usiku wa saa tisa.

Baada ya kupima na tepu tuliandika vipimo vyote kwenye daftari, tukampelekea mwenyekiti wa mtaa, naye akatuita jioni ya Jumatano pamoja na mwenye ukuta. Nilitarajia mtu mkali, nikakuta mwalimu mstaafu aliyechoka kulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Alikuwa amekwisha kupima mwenyewe. Alisema yuko tayari kuachia mita 3 upande wa kaskazini wa kiwanja chake, kuanzia mwisho wa barabara yetu hadi kwenye barabara ya upande wao, kwa bei aliyonunulia na si ya leo, ila njia hiyo iwe ya miguu tu, maana chumba cha kulala cha wajukuu kiko upande huo. Kaya 31 zimekubali kuchanga. Kuibadilisha ramani rasmi kutachukua muda wake, kwa sababu mchoro uliokwisha kuidhinishwa haurekebishwi kwa kikao cha mtaa, lakini ukuta wenyewe fundi aliuvunja Ijumaa asubuhi, akajenga mwingine ndani zaidi, na kwenye mlango wa njia akasimamisha nguzo mbili za zege zilizoachana kwa kiasi cha kupita baiskeli, kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto mgongoni. Bodaboda haipiti. Mzee alijaribu nafasi ile kwa fimbo yake, akasema ndama angepita, ng'ombe mkubwa asingepita.